INJINI YA MOTOKAA HUZUNGUKA UPANDE GANI, NA KWA NINI YATUPASA KUJUA



Katika chuo cha ualimu nifundishapo ipo injini moja ndogo ya dizeli ivutayo maji kutoka kisimani. Haina stata ya umeme. Huwashwa kwa hendeli, yaani kile chuma kilichopindwa ambacho mtu hukishika na kukizungusha kwa nguvu za mikono yake. Asubuhi moja mzee wetu aitunzaye injini hiyo alichelewa kufika, na wanafunzi wawili, wenye bidii kupita maarifa yao, wakaazimu kuiwasha wenyewe. Wa kwanza alishika hendeli akazungusha, lakini hakuzungusha kwa kasi ya kutosha. Pistoni ilipokaribia kufika juu ilishindwa kupita. Mafuta yakawaka, nayo pistoni ikasukumwa kurudi ilikotoka. Hendeli ikamchopoka mkononi, ikampiga kifundo, ikaenda kuangukia ukutani kwa kishindo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Injini haikuzimika. Ilinguruma kwa sauti ya kukwaruza, na wanafunzi, ijapokuwa mwenzao alikuwa ameushika mkono wake kwa maumivu, wakashangilia kwamba kazi imefanyika. Walakini maji hayakupanda. Na moshi haukutoka katika bomba lake. Ulitoka katika chujio la hewa, mahali ambapo injini huvutia pumzi. Mzee aliposikia sauti ile akiwa bado njiani, alikuja mbio akipiga kelele, "Wanangu, inakwenda kinyume!" Akafunga mafuta, injini ikanyamaza. Kisha akawauliza neno moja tu: "Mlitazama inazunguka upande gani?" Hakuna aliyejibu. Nami mwalimu wao, niliyekuwa nimesimama mlangoni, sikuweza kujibu.

Basi leo nataka kulijibu swali la mzee yule. Ni swali dogo kulisikia, lakini ndani yake mna mambo yanayomhusu kila dereva, kila fundi, na kila mtu apandaye gari.

Kwanza na tuitazame injini yenyewe. Ndani ya silinda imo pistoni, nayo haijui kuzunguka hata kidogo. Kazi yake ni kupanda na kushuka tu, kama mchi ndani ya kinu. Chini yake uko mtaimbo wa chuma uliokunjwa viwiko, ambao mafundi huuita krenkshafti. Kati ya pistoni na kiwiko iko fimbo iungayo, ambayo mafundi huiita konrodi. Pistoni ishukapo kwa nguvu za moto, konrodi hukisukuma kiwiko, na mtaimbo huzunguka. Ni kama mguu wa mtu apandaye baiskeli: goti lapanda na kushuka, lakini pedeli yazunguka.

Sasa fikirini pedeli iliyo juu kabisa. Mguu ukiikanyaga wima, pedeli haitakwenda mbele wala nyuma. Ikisogezwa mbele kidogo, itashukia mbele. Ikisogezwa nyuma kidogo, itashukia nyuma. Hivyo ndivyo ilivyo pistoni. Moto wenyewe hauchagui upande. Humsukuma aliye mbele yake aende upande aliokwisha kuelekea. Kinachochagua upande ni mambo mawili. La kwanza ni msukumo wa mwanzo, uwe wa mkono wa mtu au wa stata ya umeme. La pili ni mpango wa valvu na wakati wa kuwasha mafuta, maana hivyo vimepangwa kwa upande mmoja tu.

Injini nyingi za motokaa hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni hushuka ikivuta hewa, hupanda ikiikandamiza, hushuka tena ikisukumwa na moto, kisha hupanda ikitoa moshi. Sasa jaribuni kuzisoma hatua hizo kinyume, kama mtu asomaye mstari kutoka mwisho. Ile hatua ya kutoa moshi, ikigeuzwa, inakuwa ya kuvuta, lakini valvu iliyo wazi ni ya bomba la moshi. Kwa hiyo injini huvuta pumzi kwa njia ya bomba la moshi. Na ile hatua ya kuvuta hewa, ikigeuzwa, inakuwa ya kutoa, basi moshi hutokea kwenye chujio la hewa. Hayo hasa ndiyo waliyoyaona wanafunzi wangu. Injini ya petroli haiwezi kwenda hivyo kwa urahisi, kwa sababu cheche ya plagi huwa imekosa wakati wake. Lakini injini ya dizeli ya namna ya zamani haihitaji cheche. Joto la hewa iliyokandamizwa linatosha kuyawasha mafuta, na kwa hiyo mara nyingine hukubali kwenda kinyume, ingawa kwa taabu.

Tukiisha kuelewa hayo, na tuulize: upande ulio sawa ni upi? Hapa nawaomba mfanye jaribio nyumbani. Chukueni chokaa, mchore saa juu ya kioo cha dirisha, na mwenzenu asimame nje. Ninyi mlio ndani mtaona akrabu za saa zikienda kuume. Mwenzenu aliye nje ataona akrabu zile zile zikienda kushoto. Nani aliye mkweli? Wote wawili. Basi mtu akisema kwamba injini huzunguka kufuata saa, asipotaja mahali aliposimama, hajasema kitu.

Mafundi wengi wa motokaa husimama mbele ya injini, penye mikanda na feni, na kutoka hapo injini nyingi za motokaa huzunguka kufuata akrabu za saa. Vitabu vingi vya wahandisi hutazama kutoka upande wa pili, penye gurudumu zito liitwalo flaiwili, navyo husema kwamba injini hizo hizo huzunguka kinyume cha saa. Msomaji asiyejua hivi hudhani kwamba kitabu kimekosea au fundi ni mwongo. Kumbe wanasema jambo moja.

Kwa nini upande huo ulichaguliwa, wala si mwingine? Karl Benz wa Ujerumani alipoomba hati ya kulinda uvumbuzi wa gari lake tarehe 29 Januari 1886, injini yake iliwashwa kwa kuvuta kwa mikono gurudumu kubwa lililolala chali nyuma ya gari. Baadaye injini ilikaa mbele, na hendeli ikachomekwa katika pua ya gari. Mtu alisimama mbele, akainama, akazungusha. Sababu itajwayo mara nyingi ni hiyo: watu wengi hutumia mkono wa kuume, na mkono wa kuume huona ni rahisi kuzungusha hivyo, kama mtu akazaye parafujo. Upande wa injini, basi, haukutoka katika sheria ya moto wala ya chuma. Ulitoka katika mwili wa mwanadamu.

Lakini mkono ule ule ndio ulioumia. Injini ya petroli ikiwasha cheche mapema mno, pistoni hurudishwa nyuma kabla haijapita juu, na hendeli humrukia aliyeishika. Watu wengi walivunjika vifundo na mikono. Ndipo madereva wa zamani wakafundishwa kanuni zilizo kweli hata leo kwa kila mtu mwenye injini ya hendeli. Kwanza, kidole gumba kisiizunguke hendeli, bali kilale upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi nyuma vidole vifunguke na mkono uachie. Pili, mtu avute hendeli kwenda juu, wala asiikandamize kwenda chini kwa uzito wa mwili wake. Maana akivuta, hendeli ikirudi itamtoka, lakini akikandamiza, itampanda mkononi. Wenye motokaa ya Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hata 1927, walikuwa na kijiti karibu na usukani cha kuchelewesha cheche, nao walionywa wakirudishe mahali pake kabla ya kugusa hendeli. Wengi wao walifundishwa hata kutumia mkono wa kushoto, ili hendeli ikirudi iuondoe mkono badala ya kuugonga. Tazameni jambo hilo: upande ulichaguliwa kwa ajili ya mkono wa kuume, na usalama ukapatikana kwa mkono wa kushoto.

Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme iliyotiwa katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912. Tangu hapo hendeli ilianza kupoteza kazi yake kidogo kidogo. Mtu angeweza kudhani kwamba wahandisi wangekuwa huru sasa kuchagua upande wowote. Lakini kufikia wakati huo giaboksi, difu, pampu na feni vilikwisha kutengenezwa kufuata upande wa hendeli. Mkono uliondoka, lakini alama yake ilibaki.

Labda wengine mtasema, "Lakini Mwalimu, tumesikia kwamba injini za Honda za zamani huzunguka kinyume na za wengine." Mmesikia kweli. Injini nyingi za Honda za miaka ya 1980 na 1990, ukisimama penye mikanda yake, zilizunguka kinyume cha akrabu za saa, wakati ile jamii ya injini iitwayo K, iliyoanza mwaka 2001, hufuata saa kama nyingine. Fundi mmoja anaweza kukuambia kwamba ni ukaidi tu wa kiwanda. Hebu tulichunguze jambo hili, maana lina somo zuri.

Katika magari madogo mengi ya siku hizi injini imelala kwa kukingama, na magurudumu ya mbele ndiyo yavutayo. Nguvu hutoka kwenye krenkshafti, hupita katika gia moja, kisha hupita katika gia ya pili kabla ya kufika magurudumuni. Gia mbili zikigusana kwa meno ya nje, moja huenda huku na nyingine kule. Kwa hiyo kila mgusano hugeuza upande. Migusano miwili hugeuza mara mbili, na kugeuza mara mbili ni kurudi pale pale. Basi katika magari hayo, kwa gia za kwenda mbele, krenkshafti lazima izunguke upande ule ule wa magurudumu.

Sasa simameni upande wa kuume wa gari liendalo mbele, mtazame gurudumu: linafuata saa. Katika Toyota nyingi za namna hii penye mikanda pako upande huo wa kuume, kwa hiyo fundi huiona injini ikifuata saa. Nendeni upande wa kushoto wa gari lile lile: gurudumu la upande huo laonekana likienda kinyume cha saa. Nazo Honda zile za zamani, mikanda yake ilikuwa upande huo wa kushoto. Kwa hiyo fundi aliyesimama penye mikanda aliiona injini ikienda kinyume cha saa, na kumbe injini zote mbili zilizunguka upande mmoja, pamoja na magurudumu ya gari. Injini haikugeuka, aliyegeuka ni mtazamaji. Ni ile saa yetu ya dirishani.

Ndugu zangu, kama mambo yangeishia hapo, tungesema ni kitendawili cha kufurahisha watoto wa shule. Lakini upande ukiisha kuchaguliwa, kila kiungo cha injini huufuata, na mtu asiyeujua huweza kuharibu mali.

Na tuanze na fundi. Afungapo mnyororo au mkanda uzungushao valvu, humlazimu kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana iliyotiwa katika bolti ya mbele. Akiizungusha upande wake, mnyororo huwa umekazwa upande uvutao, na kile kikazio kilichowekwa upande wa pili hula ulegevu wote. Akiizungusha kinyume, ulegevu huhamia mahali ambapo hakuna wa kuukaza, na mnyororo au mkanda huweza kuruka jino moja. Jino moja tu! Katika injini nyingi hilo latosha kuondoa nguvu na kuongeza moshi, na yakiruka meno zaidi, katika injini nyingine valvu na pistoni hukutana mahali ambapo hazikupangiwa kukutana. Valvu hupinda, na mwenye gari hulipa. Kwa hiyo fundi mwenye busara, akipita alama yake kidogo, hairudishi injini nyuma. Huizungusha mbele tena mpaka alama irudi yenyewe.

Tena kuna pistoni. Juu yake huwa na mshale au alama nyingine ionyeshayo upande wa kuelekea. Moto usukumapo pistoni chini, konrodi huwa imeinama, na pistoni huegemea ukuta mmoja wa silinda kuliko mwingine. Ukuta upi? Hutegemea upande wa mzunguko. Kwa sababu hiyo katika injini nyingi pini ya pistoni haikutiwa katikati kabisa, bali imesogezwa kidogo kuelekea ukuta ubebao mzigo mkubwa, ili pistoni isigonge-gonge. Fundi akiitia kinyume, injini huwaka, lakini hugonga.

Tena kuna pampu ya maji. Ndani yake mna kigurudumu chenye mapezi yasukumayo maji kwenda katika injini na rejeta. Injini nyingine huizungusha pampu kwa tumbo la mkanda, na nyingine kwa mgongo wake. Ya pili huzunguka kinyume cha ya kwanza. Zipo injini ambazo zilitolewa kwa namna zote mbili katika miaka mbalimbali, na pampu zake kwa nje hufanana kama mapacha. Ukinunua isiyo yako, itaingia vizuri, bolti zitakaza, wala maji hayatavuja. Lakini yatasukumwa kidogo mno, na gari litachemka mlimani. Mwenye gari atabadili rejeta, atabadili kofia yake, atalaumu jua. Na kosa ni upande wa mapezi tu.

Mfano mkubwa zaidi ulionekana Marekani. Motokaa ya Chevrolet Corvair, iliyotengenezwa kwa miaka ya 1960 hata 1969, ilikuwa na injini nyuma, nayo ilizunguka kinyume na desturi. Watu walipenda kuitoa injini hiyo na kuitia katika Volkswagen. Aliyeunganisha bila kufikiri alipata gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele! Ilimpasa kwanza aifungue difu na kuihamisha ile gia kubwa ya mviringo upande wa pili wa gia ndogo iizungushayo, ndipo mwendo ukawa sawa.

Sasa dereva. Je, mmepata kuona lori lililokwama matopeni wakati wa masika? Kama injini yake imewekwa mbele kwa urefu, na ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kizima, mtazame ni gurudumu gani la nyuma lianzalo kuteleza. Matope na mzigo yakiwa sawa pande zote, mara nyingi ni la kuume. Sababu ni hii. Mtaimbo mrefu upelekao nguvu nyuma, ukiutazama ukiwa umesimama nyuma ya lori, huzunguka kinyume cha saa. Uzungukapo kwa nguvu hujaribu kuichukua na ekseli nzima pamoja nao. Basi gurudumu la kushoto hukandamizwa chini, na la kuume huinuliwa kidogo. Nayo difu ya kawaida, gurudumu moja likiwa jepesi, haiwezi kulipa la pili nguvu zaidi ya zile zinazopokelewa na lililo jepesi. Kadiri dereva anavyokanyaga mafuta kwa hasira, ndivyo anavyoliinua zaidi gurudumu la kuume, na ndivyo linavyochimba shimo. Kwa hiyo kuondoka taratibu, kwa gia ya pili gari likiweza, si uoga, ni elimu.

Na jambo la hatari kuliko yote ni hili. Lori la zamani la dizeli, lenye shehena, linapanda mlima. Injini inazimika. Dereva anachelewa kukanyaga breki na klachi, na lori linarudi nyuma likiwa bado katika gia ya mbele. Magurudumu sasa yanaizungusha injini kinyume, na injini, kama ile ya kisima chetu, yaweza kuwaka hivyo hivyo. Dereva anafurahi kusikia imewaka. Anatia gia ya kwanza ili apande, na lori linazidi kurudi nyuma! Mtu asiyejua sababu hushikwa na hofu, na nyuma yake kuna bonde. Dalili ni tatu: moshi hutoka katika njia ya hewa, kipimo cha oili huanguka hata sifuri, na gia hufanya kinyume cha majina yake. Dawa ni kukanyaga klachi na breki kwa pamoja na kufunga mafuta mara moja. Wala asiiache injini inguruma hata kidogo, maana pampu ya oili nayo inazunguka kinyume, ikiyanyonya mafuta kutoka penye vyuma visuguanavyo badala ya kuyapeleka huko. Injini nyingi za siku hizi zenye kompyuta hukataa kupokea mafuta zikizungushwa kinyume. Lakini malori ya zamani bado yapo barabarani, na milima haijapungua.

Msidhani kwamba hakuna injini zilizokusudiwa kuzunguka pande zote mbili. Ujerumani kilitengenezwa tangu 1955 hata 1964 kigari kidogo cha magurudumu matatu kiitwacho Messerschmitt KR200. Injini yake ilikuwa ya hatua mbili, isiyokuwa na valvu za kupangwa kwa upande mmoja. Dereva alipotaka kurudi nyuma alizima injini, akaiwasha tena izunguke kinyume. Kwa hiyo kigari hicho kilikuwa na gia nne za mbele na nne za nyuma. Hali kadhalika meli kubwa ziingiazo Mombasa na Dar es Salaam. Nyingi zina injini kubwa za dizeli ziendazo polepole, zilizoungwa moja kwa moja na rafadha. Nahodha atakapo kurudi nyuma, injini husimamishwa, hupangwa upya, kisha huwashwa kwa hewa iliyoshindiliwa ili izunguke upande wa pili. Lakini angalieni: hapo upande hugeuzwa kwa mpango na kwa amri, si kwa bahati.

Na hata binadamu mwenyewe huzoea upande. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa Kiingereza waliorusha ndege za Spitfire zenye injini ya Merlin walizoea kwamba, ndege ianzapo kukimbia kuruka, pua yake huvutwa kushoto, nao wakakanyaga usukani wa miguu wa upande wa kuume ili kuinyosha. Kisha zikaja Spitfire zenye injini kubwa zaidi iitwayo Griffon, ambayo pangaboi lake lilizunguka kinyume cha lile la kwanza. Ndege hizo zilivutwa kuume. Rubani aliyekuwa hodari, aliyefuata mazoea ya miguu yake bila kufikiri, aliikanyagia ndege yake iende huko huko ilikovutwa, na katika mwendo ule nafasi ya kujirudi ni ndogo. Ustadi wake wenyewe ulikuwa umegeuka adui.

Basi ningependa mlichukue neno hili moja katika hotuba yangu. Hakuna upande ulio bora kwa asili yake. Moto hauna mkono wa kuume wala wa kushoto. Watu walichagua, na sababu yao ilikuwa ndogo, ya mkono ulioshika hendeli. Lakini kilichokwisha kuchaguliwa kilijengewa juu yake vitu vingi, na sasa hakigeuzwi kwa kutokujua bila mtu kuumia au mali kuharibika. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, au kununua kipuri, au kugusa hendeli, ulizeni maswali mawili: injini hii huzunguka upande gani, nami nimesimama upande gani niitazamapo? Kuuliza si ujinga.

Yule mwanafunzi wetu alipona kifundo chake baada ya majuma kadhaa. Siku aliporudi kisimani, mzee alimpa kipande cha chokaa amchoree mshale juu ya flaiwili, kuonyesha upande wa mzunguko. Kijana akafikiri kidogo, kisha akamwuliza, "Mzee, nichore nikiwa nimesimama upande gani?" Mzee akacheka akasema, "Sasa umejifunza." Ndipo akamwonyesha namna ya kuinua kile kijiti kifunguacho valvu, kuzungusha mpaka flaiwili ipate mwendo, na kukiachia ndipo injini iwake. Kidole gumba chake, niliona, kililala pamoja na vidole vingine. Na maji yakapanda.